Lubumbashi Niliyoiandika Bila Kuiona

Mwaka juzi niliandika maneno 1,500 kuhusu jinsi ya kuishi Lubumbashi kama mwenyeji. Sijawahi kufika Lubumbashi. Mbali zaidi niliyowahi kwenda upande ule ni Busia, na hata hapo sikuvuka mpaka. Niliandika nikiwa Timau, chumba cha nyuma kwa nyanya, blanketi mabegani, maana Julai ya huku haimhurumii mtu anayefanya kazi akiwa ameketi.

Mteja alikuwa wa mtandaoni, mmoja wa wale usiojua kama ni mtu au ni watu. Alilipa dola 11. Alitaka sauti ya kirafiki, mambo ambayo watalii wa kawaida hawayajui, na neno "mwenyeji" lijirudie kila baada ya aya mbili ili Google iliokote. Mimi nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokwama, na dola 11 zilikuwa unga, bando na nusu ya deni la duka. Nikafungua ramani. Nikafungua makala tano za watu wengine kuhusu mji huohuo, ambao sasa naamini nao hawakuwahi kufika. Nikachanganya yote kama githeri: kula bukari na sombe kwa mkono, kunywa bia ya Simba, nenda Kamalondo ukaone TP Mazembe wakicheza, piga picha bomba la moshi la kiwanda cha shaba, salimia watu kwa Kiswahili nao watakupenda. Na kipande nilichokipenda mwenyewe: ndani ya Lubumbashi kuna mtaa mkubwa, mojawapo ya tarafa za mji, unaoitwa Kenya. Nikaandika kwamba Mkenya akifika huko atajisikia nyumbani. Kwa msingi gani? Kwa msingi wa jina.

Mjomba wangu anaendesha lori la kampuni moja ya Tanzania, anatoa shaba Kongo anaishusha bandarini Dar es Salaam. Nilimsomea makala kwa simu nikingoja sifa. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa wewe hapo Kasumbalesa umepitaje? Mbona hujakaa foleni?" Kasumbalesa ni mpaka wa Kongo na Zambia, na kwa dereva wa lori ni mahali pa kufua nguo, kupika na kuzeeka kidogo. Nikamwambia msomaji wangu atafika kwa ndege. Akacheka. "Haya. Lakini huo mji wako hauna mtu anayefanya kazi. Kila mtu anakula tu."

Nimehakikiwa na wahadhiri na nimehakikiwa na wahariri. Hakuna aliyewahi kunipiga pale paliponiuma kama pale.

Kwa sababu ni kweli. Nimesoma makala nyingi za aina hii, kwa kuwa nilikuwa nazitengeneza, na ukizisoma kwa wingi unaona kwamba mwenyeji wake ni mtu mmoja yuleyule, awe Kinshasa, Kigali, Bujumbura au Goma. Anakula barabarani. Anacheza muziki. Anakuonyesha bia ya bei nafuu. Anatabasamu. Haendi kazini, hadaiwi kodi ya nyumba, hana mkubwa wa kazi anayemtukana, hajachelewa popote. Yuko pale kama stuli ya baa, kwa matumizi yako. Na msomaji anaahidiwa kwamba baada ya siku 3 yeye pia atakuwa hivyo.

Kiswahili kilishalijibu jambo hili zamani. Mwenyeji ni mwenye mji. Na mgeni, tunaambiwa, ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu huutumia msemo huu kumfukuza mgeni kwa adabu, lakini usikilize tena: unasema pia jinsi mgeni anavyoacha kuwa mgeni. Jembe ndilo linalomwingiza. Hakuna pahali unasema siku ya tatu mpe ramani ya mikahawa.

Nilikutana na kitabu ninachotaka kukisema hapa kwa njia isiyo ya heshima. Nilikuwa namwandikia mwanafunzi wa ng'ambo insha yake ya historia, kazi ambayo vijana wengi wa Kenya wenye laptopu wanaifahamu kuliko wanavyokiri. Insha ilihusu Katanga ya wakati wa Wabelgiji. Katikati ya kuchimbachimba nikaangukia maandishi ya 1965 yenye kichwa cha Kifaransa, Vocabulaire de Ville de Elisabethville, yaani Msamiati wa Mji wa Elisabethville. Kichwa ni cha Kifaransa, mwili wote ni Kiswahili. Kiswahili cha Katanga. Aliyeyaandika anaitwa André Yav, na aliyaandika kwa niaba ya chama cha watu waliowahi kuwa maboi. Ndiyo, maboi: waliopika, wakafua, wakapiga pasi na kufungua mageti kwenye nyumba za Wazungu wa Elisabethville, mji ambao tangu 1966 tunauita Lubumbashi. Mambochi wa mji mmoja walikaa chini wakaandika historia ya mji huo, na wakaiandika kwa lugha yetu. Nilisomea fasihi ya Kiswahili miaka miwili na nusu na hakuna aliyewahi kunitajia.

Ni kurasa 30 na kitu tu, zilizopigwa chapa na kunakiliwa kwa mashine ya kawaida, zigawanywe kwa watu wa hapohapo. Ingepotea kama vitu vingi vya aina yake. Lakini nakala ilimfikia Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekaa Katanga miaka mingi akisikiliza watu kwa Kiswahili, naye akaitoa kama kitabu 1990, pamoja na tafsiri ya Kiingereza na maelezo marefu, kwa jina History from Below. Kitabu hicho ni cha bei ya maktaba, si ya mtu. Baadaye maandishi yenyewe yaliwekwa kwenye intaneti bure, na hapo ndipo mimi, na bando langu la usiku, nilipoyapata.

Sasa, kuyasoma. Nilijaribu kwa macho nikashindwa. Maneno yamegandana mahali ambapo sisi tunatenganisha, na yametengana mahali ambapo sisi tunaunganisha. Alama za uakifishaji zinakuja zikijisikia. Watu ni batu, vitu ni bintu, mtu ni mutu. Baada ya ukurasa mmoja nikafanya alichofanya mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari, mtu wa Pwani, kila alipofika kwenye insha yangu: nikasema moyoni hiki si Kiswahili. Kisha nikasoma maelezo ya Fabian kuhusu jinsi yeye mwenyewe alivyoyafungua. Alimpa msaidizi wake, Kalundi Mango, ayasome kwa sauti, akamrekodi, wakaandika upya kutokana na sauti ile. Yaani maandishi yale hayakukosewa. Yaliandikwa kwa ajili ya sikio.

Basi jioni nikahamia jikoni nikayasoma kwa sauti mbele ya nyanya, akiwa anamenya waru.

Kuhusu nyanya ni lazima niseme kidogo. Timau unayoijua wewe uliyepita ukielekea Meru mjini ni ngano, shayiri, vihema vya plastiki vya maua na mlima upande mmoja. Kabla ya Uhuru ilikuwa nchi ya masetla. Babu yangu alikuwa mpishi kwa setla, nyanya akawa anafua. Kiswahili chao cha kwanza wote wawili hakikuwa cha Pwani wala cha shule, kilikuwa Kisetla, kile cha leta maji na funga mlango, lugha ambayo karibu kila kitenzi chake ni amri. Nyanya hadi leo hajui jina hata moja la kizungu la waajiri wake. Anajua majina ya Kimeru waliyowapa, na sitayaandika hapa.

Alinielewa kabla mimi sijajielewa. Batu kwake hakikuwa kikwazo. Kimeru tunasema antu, mtu ni muntu, kitu ni kintu. Kiswahili sanifu ndicho kilichokuwa mbali naye siku zote. Nilipomaliza kurasa kama 4 akasema, bila kuinua macho kwenye waru, "Huyu ni mtu ametumwa sana."

Sijapata uhakiki bora zaidi wa kitabu kile, na nimeusoma ule wa Fabian wote.

Ametumwa sana. Jinsi sentensi za Yav zinavyokwenda ni jinsi mtu aliyetumwa anavyojua mji: hapa hadi pale, kwa nani, kuleta nini, akirudi aliambiwa nini. Masimulizi yanaanza mbali, enzi za mfalme Leopold na Wazungu wa kwanza, yanateremka hadi mji wenyewe na kupita Uhuru wa 1960. Elisabethville ilianzishwa 1910, reli ilipoingia kutoka kusini, ikapewa jina la malkia wa Ubelgiji. Mwenye mji hasa alikuwa kampuni, Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa 1906, na shaba ikaanza kuyeyushwa 1911. Wazungu walikaa upande mmoja, Waafrika upande mwingine, na katikati ukaachwa ukanda mtupu wa mamia ya mita ambao mkaguzi wa afya angekuambia ni wa kuzuia magonjwa. Usiku Mwafrika hakutakiwa upande wa Wazungu, ila yule anayelala kibandani nyuma ya nyumba ya bwana. Sasa fikiria ni nani aliyezijua pande zote mbili. Bwana hakwenda kule. Mchimbaji wa mgodini hakuja huku. Boi alivuka ukanda ule asubuhi na jioni, au alilala nyuma ya nyumba akisikia kila kitu kupitia dirisha la jikoni. Alijua bwana anadaiwa wapi, anakunywa kiasi gani, bibi amelia lini. Alijua pia bei ya unga Kamalondo. Kama kuna mtu alikuwa na mji mzima kichwani, ni huyo.

Kinachonivutia zaidi ni kichwa cha maandishi. Kwa nini msamiati? Ndani si orodha ya maneno, ni historia. Nina dhana yangu. Wakati wa ukoloni, vitabu vidogo vilivyoitwa misamiati viliandikwa ili bwana ajue kumtuma mtumishi. Katanga vilikuwepo, Fabian amevichambua katika kitabu chake kingine, Language and Colonial Power, cha 1986. Kenya pia tulikuwa na vyetu, na kinachojulikana zaidi ni Up-Country Swahili cha F. H. Le Breton, kilichotoka 1936 kwa ajili ya masetla, wanajeshi, wachimba migodi, wafanyabiashara na wake zao. Sina shaka babu yangu alitumwa kwa sentensi zilizotoka humo. Vitabu hivyo vinakupa maneno ya kuuamuru mji. Yav na wenzake wamechukua jina la kitabu kilekile wakakigeuza: huu hapa msamiati wa mliotuamuru. Wazungu mle ndani wanakuja na majina waliyobandikwa na Waafrika, ambayo mara nyingi wenyewe hawakuyajua maana. Ni kama kupekua simu ya mtu ukakuta alivyokusevu.

Sisemi ni kitabu kizuri kwa maana ya kusisimua. Kuna sehemu kinazunguka palepale. Kuna sehemu kinawasifu Wazungu fulani kwa namna inayomkera msomaji wa leo, halafu aya chache mbele kinalalamika juu ya mateso ya kazi, bila kuona haja ya kupatanisha hayo mawili. Mwanzoni nilidhani ni udhaifu. Sasa naona ndivyo nyanya anavyozungumza juu ya masetla: mmoja alikuwa mbaya kama ukame, mwingine alimpeleka babu hospitali kwa gari lake mwenyewe, na wote wawili walikaa juu ya shamba la watu. Anayesimulia mji alioufanyia kazi hana nafasi ya kuwa na msimamo mmoja safi. Msimamo safi ni anasa ya anayepita.

Weka maandishi haya kando ya riwaya mbili ambazo watu huzitaja kila miji ya Kongo inapotajwa.

Ya kwanza ni A Bend in the River ya V. S. Naipaul, ya 1979. Mji wake hautajwi jina ila kila mtu anauona Kisangani. Kwa msomaji wa Kiswahili riwaya hii ina jambo la karibu: msimulizi, Salim, anatoka pwani yetu ya Afrika Mashariki, mtoto wa familia ya wafanyabiashara Waislamu wenye asili ya India, anaendesha gari hadi katikati ya bara kuchukua duka. Anakaa miaka. Lakini ujuzi wake wa mji unaishia kwenye kaunta ya duka lake, na kila anachokiona nje ya hapo kinampa hofu au kinyaa, na hofu hiyo imeandikwa vizuri mno hata wengi wameichukua kuwa ndiyo Afrika. Halafu kuna Metty. Jina lake halisi ni Ali, katoka kwenye ukoo wa watumwa wa familia ya Salim, anamfuata mpaka huku kumtumikia. Metty anatoka jioni. Anajua nani ni nani. Anapata mtoto na mwanamke wa pale, na Salim anakuja kujua mambo yakiwa yameshatendeka. Naipaul anampa mtumishi mji mzima kisha anamnyima hata sura moja ya kuusimulia. Nilipoisoma chuoni sikuona chochote. Nimeisoma tena baada ya Msamiati na sasa kila Salim anapoanza kuwaza, natamani aondoke kwenye mlango nimwone Metty amekwenda wapi.

Ya pili ni Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa Lubumbashi 1981. Ilitoka kwa Kifaransa 2014, ikatafsiriwa na Roland Glasser, ikapata tuzo ya Etisalat ya 2015. Hapa mwandishi ni mwenyeji, hakuna ubishi. Mji wake wa kubuni una kituo cha reli ambacho hakijakamilika, wachimbaji, wanafunzi wanaogoma, watalii wenye faida zao, na baa moja ambamo wote hao hukutana. Lucien, mwandishi kutoka bara, anajaribu kuandika katikati ya kelele hizo. Rafiki yake Requiem anajaribu kuishi. Hakuna riwaya ya Kiafrika ya miaka ya karibuni iliyonipa masikio kama hii. Sentensi zinajaa mpaka zinamwagika, maongezi yanakatizwa na watu wanaojiuza, orodha zinakimbia kama garimoshi lisilo na breki. Ukiisoma kwenye matatu unashuka umechoka kama uliyetoka klabu.

Na bado, mjomba angeuliza swali lake. Wachimbaji wamo, lakini tunawaona wakiwa wametoka kuchimba. Mji unaonekana ukiwa baa. Wanawake wake, karibu wote, ni kiitikio: wanakuja, wanauliza neno lilelile, wanapita. Najua ni jambo la makusudi, najua kuna wanaosema ndiyo muziki wa kitabu chenyewe. Ila nilipofika katikati nilianza kuhesabu ni mara ngapi mmoja wao anaenda nyumbani, na hesabu haikunichosha. Mujila anaujua mji huu kuliko nitakavyowahi kuujua. Nashuku tu kwamba alijua pia msomaji wa Paris anaketi upande gani wa baa.

Lakini hebu niwe mkweli, Msamiati nao unaumwa ugonjwa huohuo. Waliouandika ni wanaume, kwa sababu nyumba za Wazungu wa Elisabethville zilihudumiwa zaidi na wanaume, kama ilivyokuwa huku. Waliouza unga na sombe upande wa pili wa ukanda, waliopika pombe, waliokodisha vyumba, mji wao umeandikwa wapi? Nairobi tuna bahati kidogo: Luise White alikwenda Pumwani akawahoji wanawake wazee waliojenga nyumba kwa pesa za umalaya, akatoa The Comforts of Home 1990. Mwandishi huyohuyo alitoa kingine 2000, Speaking with Vampires, na humo Katanga na Nairobi zinakutana. Lubumbashi watu walisimuliana juu ya batumbula, wanaowakamata Waafrika usiku kwa ajili ya Wazungu. Nairobi na Kampala walikuwa wazimamoto. Ningeandikiwa kazi ile ya dola 11 nikiwa najua hili, ningeliweka chini ya kichwa cha "simulizi za kutisha za wenyeji", nikaendelea na bia. Kumbe uvumi ule ulikuwa ramani. Ulimwambia mtu barabara gani asipite giza likiingia, gari gani asipande, kazi gani ya usiku asikubali. Mwenyeji aliujua mji kwa kujua unapomla.

Kuna wengine waliofanya kazi hii ya Yav kwa vitu visivyo maneno, na nitawapitia haraka. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa hapohapo, alimchorea Fabian historia nzima ya Zaire katika michoro 101 kati ya 1973 na 1974, akiieleza kwa Kiswahili. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hajulikani aliko. Sammy Baloji amechukua picha za zamani za wafanyakazi wa mgodini akazipandikiza juu ya magofu ya kiwanda, hivi kwamba watu wanarudi kusimama mahali walipovunjwa mgongo. Tamasha la sanaa ambalo yeye na wenzake walilianzisha Lubumbashi 2008 linaitwa Picha. Neno letu la kila siku kabisa. Sisi Nairobi tukianzisha kitu kama hicho tunakimbilia Kiingereza, au tunatafuta neno la Kiswahili zito ambalo hakuna anayelitumia.

Na hapo ndipo hasa panaponisumbua. Katika kozi zangu fasihi ya Kiswahili ilianzia Lamu, ikateremka Mombasa, Unguja, Dar es Salaam, ikapanda bara kwa haya kidogo, ikakoma ziwani. Kwamba ng'ambo ya Tanganyika kuna mji wa mamilioni ya watu wanaogombana, wanaotongozana na kuzikana kwa Kiswahili, na kwamba wapishi wake waliandika kitabu 1965, halikuwa somo. Sababu naijua, nimeishi ndani yake: kile si sanifu. Mwalimu wangu aliyekuwa akicheka muntu wangu darasani angemcheka Yav vilevile. Kiswahili ya mtu ametumwa, nyanya angesema, na kukosea ngeli kwake nisingemsahihisha tena. Lugha hii ilisambaa bara kwa misafara, kwa reli, kwa migodi, kwa jeshi, kwa jikoni za watu wengine. Kukiondoa Kiswahili cha kazi ili tubaki na kizuri ni kumfukuza mwenyeji tukabaki na ramani.

Mwezi uliopita mteja alirudi. Safari hii alitaka makala kuhusu Timau. Timau kama mwenyeji, maneno 1,200, na pendekezo lake la yaliyomo lilikuwa limeambatishwa: chakula cha mchana cha samaki trauti, kutembea juu ya miti msitu wa Ngare Ndare, machweo ya mlima, waru za kuchoma. Yote yapo, nenda ukayaone, hasa ninyi mnaopanda kutoka Nairobi Jumamosi. Nikamwandikia kwamba naweza kuongeza mabasi ya saa kumi na moja na nusu alfajiri yanayobeba wafanyakazi wa maua, wamefunga vitambaa kichwani, wamelala vichwa vimegonga vioo. Vyumba vya mabati wanakolala, wengi wametoka magharibi na ziwani. Na jina ambalo nyanya yangu analiita shamba fulani hadi leo. Akajibu kwa adabu kwamba hiyo haitaendana na sauti ya tovuti.

Nikamwomba basi aiondoe ile ya Lubumbashi. Hajajibu. Bado ipo, nimeiangalia leo asubuhi, inasema Mkenya akifika Kenya atajisikia nyumbani. Nilimtumia mjomba kiungo chake akiwa Kasumbalesa, siku yake ya tatu kwenye foleni. Alinirudishia ujumbe wa sauti wa sekunde 9. Nyuma yake kuna mtu anauza mayai, anaita bei kwa Kiswahili ambacho nilikielewa chote.